Mguu Ulioanza Kuwa Jiwe

Juzi, kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kayanga, nilikuta mifuko ya mawe ya kupambia bustani. Jiwe moja lilikuwa na konokono ndani yake, na mguu wangu wa kushoto ukasisimka.

Nilipokuwa mtoto, tukiishi Bugene, baba alinunua mawe kama hayo, akayamwaga mbele ya nyumba. Mchana ule kahawa ilikuwa imeanikwa uani na harufu yake nzito ilijaa kila mahali. Nilichuchumaa nikichagua mawe, nikaokota moja lenye konokono aliyejikunja. Nilimkwangua kwa kucha, hakutoka.

Kaka yangu Projestus, aliyekuwa sekondari, alilitazama. "Hicho ni kisukuku," alisema. "Huyo alikuwa mzima. Alikaa hapo hapo bila kutikisika mpaka akawa jiwe."

Akarudi kugeuza kahawa. Mimi nilibaki nimechuchumaa, nikisikiliza reki yake ikikwaruza, nikiwaza konokono yule alikaa muda gani. Nilipotaka kuinuka, mguu wa kushoto haukuwepo. Niliubonyeza, sikusikia kitu. Nilitaka kumwita mama, nikaogopa kwamba hata mdomo ungekataa kufunguka.

"Kaka," nilinong'ona mwishowe, "nimeanza."

Alikuja, akanisugua mguu bila kucheka. "Ni ganzi tu."

Leo najua kwamba konokono yule alichukua muda mrefu kugeuka jiwe kuliko ukoo wowote unavyoweza kukumbuka. Hata hivyo, muuzaji aliponiambia, "Chuchumaa, dada, uchague vizuri," nilimshukuru, nikachagua nikiwa nimesimama.