Ngoma Zisizosikika Kwenye Demo Yetu

Nilikuwa mwimbaji wa bendi yetu, kama kunguruma nako ni kuimba. Mama alipokuwa akinisikia nikifanya mazoezi chumbani alinichemshia tangawizi, akidhani koo linanisumbua. Tulikuwa watatu tu: mimi, rafiki yangu wa gitaa, na mpiga ngoma, ambaye ndiye aliyetuingiza katika death metal, muziki wa kunguruma na ngoma za kasi, hapa Lubumbashi, mji ambao ukisema unapiga muziki watu wanakuuliza ni wa kanisa gani.

Yeye ndiye aliyekuwa bendi. Sisemi hivi kwa sababu amekufa. Nilimwambia akiwa hai, akanicheka. Alijifunzia kwenye ngoma za kwaya ya vijana ya parokia, mpaka padri akamwomba apunguze, kisha akamwomba aache. Baba yake, fundi mstaafu wa reli aliyeimba katika kwaya ya wakubwa, aliona haya sana. Akamkataza kuleta kelele zile nyumbani. Mwanawe akajibu kwamba tukirekodi vizuri, papa, ndivyo alivyomwita baba yake, ataomba mwenyewe kusikiliza.

Studio tuliyoimudu ilikuwa mtaa wa Katuba, chumba kimoja chenye magodoro ukutani. Mwenyewe, ambaye ndiye fundi, alikuwa mtu mwema aliyezoea kurekodi kwaya. Tulianza na ngoma, ikafuata gitaa, mwisho sauti yangu. Mimi nina ugonjwa wa kuingia mapema, na wimbo wetu unaanza kwa kishindo, sauti na vyombo kwa pamoja. Kwa hiyo mpiga ngoma alisimama kando yangu mbele ya maiki, akanihesabia.

"Usikimbie, ee? Moya, mbili, tatu, ine."

Tuliporudi kuchukua kazi, gitaa lilisikika, na kunguruma kwangu kulijaa kila mahali. Ngoma zilikuwa mbali huko, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Fundi wa studio alitabasamu akingoja shukrani.

"Nilibasaidia, batoto," alituambia. "Ile ngoma ilikuwa inafunika maneno. Bantu batasikia maneno namna gani?"

Maneno! Hata mimi niliyeyaandika siyasikii. Wa gitaa alitaka ugomvi. Mpiga ngoma alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaomba apewe ngoma zake peke yake, kabla ya kuchanganywa, tujaribu kwingine. Zilikuwa zimeshafutwa. Kompyuta ilikuwa imejaa, na kwaya nyingine ilikuwa inangoja zamu.

Tukaiweka rekodi hiyo, demo yetu ya kwanza, mtandaoni hivyohivyo. Mtu mmoja wa nchi za mbali akaandika kwamba vijana hawa wana kitu, ila wajitafutie mpiga ngoma. Safari hii mpiga ngoma hakucheka. Nilimwona akisoma maneno yale tena na tena, na mpaka leo yule mtu ninamchukia bila kumjua.

"Ya pili itakuwa muzuri," alisema. "Njo ile papa atasikia."

Haikuwepo ya pili. Malaria ilimpanda kichwani, na wiki ileile tukamzika.

Kilio kilipoisha na turubai kuondolewa mbele ya nyumba, baba yake alituita sebuleni, mimi na wa gitaa.

"Ile muziki yenu," alisema. "Muniwekee."

Nilijua kilichomo na kisichomo. Nikaunganisha simu na spika ndogo, nikabonyeza. Mzee aliinamisha kichwa akasikiliza kwa makini, kama alivyozoea kumtafuta mwenye kosa katika kwaya.

"Weye ninakusikia," aliniambia. "Na huyu wa gitare. Mutoto yangu iko wapi?"

"Iko nyuma, papa. Iko mbali kidogo."

Wa gitaa akaanza kupiga viganja kwenye mkono wa kiti cha plastiki, kumwonyesha mzee mwanawe anapita wapi. Mwanzoni alienda vizuri. Wimbo uliposhika kasi mikono ikamshinda, akaachwa. Akajaribu tena, akaachwa tena. Kisha akaweka mikono magotini akalia. Nami nililia, lakini kwa hasira, hata mbu niliwachukia.

Mzee hakulia. Alinyoosha kidole kwenye simu.

"Rudisha kule mwanzo."

Nikarudisha. Yule fundi wa studio aliyepandisha sauti za watu na kuzishusha ngoma hakukumbuka kukata pale kabla ya wimbo. "Usikimbie, ee? Moya, mbili, tatu, ine." Sauti ilikuwa safi, ungedhani yuko jikoni. Halafu kikaja kishindo chetu.

"Simamisha," mzee alisema. "Rudisha tena."

Nilimwekea wimbo huo kwenye simu yake, nikamfundisha pa kubonyeza. Nikipita kumsalimia huwa ananiwekea. Tunamsikiliza mwanawe akinikanya, tunamsikiliza akihesabu, na kidole cha mzee kinangoja juu ya kioo. Ikifika "ine" anazima, kabla sisi hatujaingia.