Dainamo ya Babu Saa Kumi

Wajukuu zake walimwita Babu Saa Kumi, na jina likamkaa. Kila Jumapili alifika kwa binti yake mapema, akala nao mchana, na ikigonga saa kumi tu, huyo kasimama, anapapasa mfukoni kutafuta funguo. Si kwamba alichoshwa na watu. Kosa lilikuwa la gari.

Lilikuwa gari dogo la spoti, la viti viwili, la zamani kuliko binti mwenyewe. Dainamo yake ilikuwa goigoi: ukiwasha taa kubwa, inashindwa kuilisha betri, na safari ikiwa ndefu gari linazimika njiani. Marehemu mkewe alipenda kuwasha redio, na giza likiingia humtania: "Mume wangu, chagua. Tuone au tusikie?" Wanacheka, wanazima redio. Siku hizi kiti chake kilibeba kisanduku cha spana.

Mzee alikuwa fundi umeme wa magari tangu ujana, lakini magari ya watu hayakumpa nafasi ya kushika la kwake. Alipostaafu nafasi ikajaa tele, hadi akakosa pa kuipeleka. Chakula cha jioni alikula kwa kusimama, sufuria mkononi, maana kuandaa meza ya mtu mmoja kulimtia haya.

Ndipo akaamua: ataondoa dainamo, afunge altaneta, yenye nguvu zaidi ya kuchaji, ili Jumapili naye ale usiku na watu.

Akapata moja iliyotumika, akaichongea kishikizo, akakaza mkanda. Gari hilo lilikuwa na ukaidi wake: waya wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Altaneta haitaki hivyo. Ukikosea, inaungua papo hapo. Akaigeuza betri. Lakini redio ile ya zamani ingeungua kwa mgeuzo huo huo. Alikaa nayo muda mrefu, kitambaa cha grisi magotini. Mwisho akachomoa waya wake, akaiacha mahali pake, bubu.

"Nimechagua, mke wangu," alikiambia kile kiti.

Jumapili ikafika. Saa kumi iligonga, naye akabaki ameketi, akijipanga namna ya kusema. Alitaka liwe jambo la kushtukiza. Kabla hajafungua kinywa, binti yake akatoka jikoni na koti lake na bakuli lililofungwa vizuri.

"Baba, muda wako huo. Usije ukakutwa na giza na vile vitaa vyako."

Mkwewe alikwishafungua geti. Wajukuu walikwishajipanga mlangoni kumpungia mkono. Kila mtu alijua pa kusimama.

"Haya, mwanangu," akasema, akavaa koti.

Hakwenda nyumbani. Nje ya mji aliegesha kando ya barabara, akangoja jua lizame. Kisha akawasha taa zote, injini ikinguruma taratibu. Mwanga ukamwagika mweupe hadi mbali, na sindano ya kipimo cha chaji haikutikisika. Kazi safi. Hapakuwa na mtu wa kumwonyesha.

Simu ikalia. Binti yake huuliza kila Jumapili kama kafika.

"Bado, niko njiani."

"Na giza lote hili?"

"Taa zinawaka. Nimebadilisha dainamo."

"Lini?"

"Jumatano."

"Sasa baba, mbona hukusema?"

"Ulikuwa umeshanifungia chakula."

Upande wa pili vijiko vilisikika vikigonga sahani, na mtoto akiuliza ni nani.

"Jumapili ijayo sifungi kitu," binti akasema, sauti imeshuka. "Umesikia, baba?"

"Nimesikia."

Simu ilipokatika, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye redio, ukazungusha kitufe. Kimya. Akakaza kifuniko cha bakuli, akaliweka juu ya kisanduku cha spana, akaondoka polepole, taa zote zikiwaka, hata ile ndogo ya ndani.