Mwizi Hapiti Uani

Nyinyi wajukuu, wangu na wa wenzangu, mnaotazama tamthilia huku vidole vikikimbia kwenye simu, tulieni niwaambie. Kutazama kitu kwa macho yote kuna raha yake.

Tulipokuwa wadogo hapa Kariakoo, televisheni hatukuijua. Redio ilikuwa kwa jirani yetu Mzee Pazi, fundi cherehani. Jioni ya mchezo wa redioni tulioga, tukapakwa mafuta ya nazi mpaka tunameta, tukajipanga kwenye jamvi ukumbini kwake. Kashata inapita mkono kwa mkono, kahawa inanukia. Amri yake moja: "Atakayefungua mdomo, mlango ule pale."

Siku moja mwizi wa mchezoni akaingia nyumba ya Kariakoo hii hii, akaiba mkufu wa bibi harusi, akatorokea mlango wa nyuma. Hakuna aliyemwona! Nikaropoka: "Muongo! Mlango wa nyuma si unatokea uani? Na mama zetu wote wako huko wanakuna nazi!" Mzee Pazi akanitoa kwa sikio. Lakini mkewe, Bi Tatu, akacheka mpaka kanga ikamvuka. "Mrudishe mtoto. Uani kwangu hata paka hapiti bila kuulizwa anakwenda wapi." Tangu hapo kusaka makosa ndiko kukawa utamu wa mchezo. Asubuhi tunayabishania bombani, ndoo zinafurika.

Sasa kuna hii tamthilia ya polisi, natazama na wajukuu zangu, Zuhura na Iddi. Inspekta kavaa koti zito na joto lote hili, jasho halimtoki. Chai yake imefika nusu, mara kikombe kimejaa, na hakuna aliyemmiminia. Nikisema, Iddi ananuna: "Bibi bwana, ni igizo tu! Unatuharibia."

Juzi wakabeba simu zao, wakaenda kutazamia chumbani. Nikabaki sebuleni na televisheni, inanisemesha kama mgeni asiyejua kuaga. Upweke ule sikuupenda, nasema kweli. Kosa jingine likapita, nikang'ata ulimi. Nimwambie nani?

Mara kelele chumbani. Zuhura huyo, mbio, simu mkononi. "Bibi! Umemwona yule mjane? Msibani mikono ilikuwa mitupu. Bado yuko eda, leo ana hina mpaka kwenye kucha!"

Iddi nyuma yake: "Na inspekta wala hamuulizi!"

"Atamuulizaje," nikasema, "na hakulelewa na Bi Tatu?"

Wakaketi, mmoja huku, mmoja huku, tukacheka mpaka tamthilia ikatupita. Enzi zetu redio moja ilikusanya mtaa mzima. Leo kila mtu ana yake mfukoni, na nyumba inanyamaza kama imefiwa. Hapo hapo nikatoa amri: tamthilia ikianza, simu zote kwenye ungo juu ya kabati, watu wote mkekani, na atakayeona kosa akanyamaza, mlango ule pale.