Posa ya Wareno

Nilimwambia mwanamke wa kwenye simu kwamba dada yangu hana kazi, hatoki nyumbani, huzungumza peke yake ghorofani kama mwenye jini, na juu ya hayo keshaposwa kijijini Siyu. Nilisema yote kwa pumzi moja, kwa adabu, na mwishoni nikamtakia siku njema. Ndio ujinga wenyewe. Nauweka hapa mwanzo ili asiyependa wajinga aache kusoma mapema.

Sasa nieleze, maana mjinga naye ana sababu zake.

Nyumba yetu iko Lamu, mtaa wa Langoni, ya mawe, na dari zake ni za boriti, kwa hivyo anayekohoa juu huombewa afya chini. Dada yangu alimaliza chuo Mombasa akarudi na kompyuta, akashika chumba cha juu, pembeni mwa dirisha ambako mtandao hukubali, akavaa hedifoni, akaanza kuongea. Ilikuwa kazi. Kampuni moja ya ng'ambo inauza magodoro. Mteja akiumwa mgongo hupiga simu, na simu ile, kwa uwezo wa Mola, huja kuitikiwa Langoni. Dada humpa pole. Humwambia kwa Kiingereza, kwa sauti laini ambayo mimi mdogo wake sijawahi kuelekezewa, kwamba anamwelewa kabisa. Punda akilia uchochoroni mteja huuliza ni nini, naye hujibu kuwa ni gari la jirani.

Mama hakuiamini kazi ile hata siku moja. Yeye ni mtu wa Siyu, na kitu asichokishika kwa mkono hakihesabu.

"Kazi gani haina ndia ya kwendea wala ya kurudia?" angeuliza. "Mtu huamka, hupanda yuu, hushuka, ati ametoka kazini!"

Zaidi ya yote zilimkera zile sauti. Yeye yuko jikoni anakuna nazi, na juu ya kichwa chake binti yake anacheka na wanaume asiowajua.

"Ni nani hao?" aliniuliza siku moja.

"Wateja, Mama."

"Wateja wa nini?"

"Magodoro."

Alinitazama kana kwamba nimetoka kulala juu ya moja. "Nenda ukasikize. Usivae viatu."

Ndivyo nilivyopata ajira yangu ya kwanza: ujasusi. Kila nikitoka skuli, kabla ya kula, nilikaa ngazini pekupeku, kisha nikashuka na ripoti.

"Leo kuna mzee godoro limembonyea katikati."

"Na yeye kamwambiaje?"

"Aligeuze."

Mama angetikisa kichwa, asiridhike. Mwaka mzima hivyo. Siku moja tu niliona macho yake yakimeremeta, niliporipoti kwamba kuna mwanamume mmoja amepiga simu mara nne kwa godoro lile lile.

"Mara nne," alisema Mama polepole. "Huyo mgongo haumuumi."

Kisha umeme ukaanza vituko. Ulikatika mara mbili katika wiki moja, katikati ya mgongo wa mtu. Kampuni ikamwonya dada: akipotea hewani mara ya tatu, akatafute kazi kwingine. Hapo ndipo alipotutolea habari. Kuna nchi, alisema, zinawapa viza watu kama yeye. Unakwenda kuishi kwao na kazi yako mwenyewe umeibeba mkobani, wala humnyang'anyi mtu ya kwake. Ameshapeleka maombi. Amechagua Ureno.

Mama aliweka mwiko chini. "Wareno hawa hawa? Waliokuya kwetu na mizinga kutoza kodi?"

"Mama, hiyo ni zamani."

"Na wao walisema wanapita tu."

Baba, ambaye huvusha wageni kwa boti kwenda Ras Kitau, alisema Wareno aliowavusha yeye walikuwa watu wazuri, ila walitapika. Mama akamwambia ale chakula chake.

Jioni ile Mama alitoa hukumu, akiwa hana ushahidi wowote: "Kuna mtu huko." Na mimi, ambaye nilikuwa na ushahidi wa mara nne, nikaanza kumwamini. Mtu haachi bahari, na biriani ya Mama, na mdogo wake mcheshi, kwa ajili ya umeme peke yake.

Ndipo simu ikalia. Ilikuwa simu ya Mama, nami nikaipokea kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga. Mwanamke, Kiswahili cha Nairobi, sauti ya asali. Alisema anaulizia habari za dada yangu, akamtaja kwa majina yote matatu. Anaishi hapo? Kwa miaka mingapi? Na nani? Ameolewa? Ana kazi? Kazi hiyo inamtosha? Ni mtu wa tabia gani?

Huenda wewe hapo ungejua ni ofisi. Kwetu sisi hayo ni maswali ya kitu kimoja tu. Posa haianzi kwa posa, huanza kwa maswali. Mtu usiyemjua hupita kwa jirani, kwa fundi cherehani, kwa shangazi, akaulizia binti kwa sauti tamu. Na nyumba isiyotaka haisemi hapana, kwa sababu hapana ni tusi. Husema, "Msichana mzuri, mashaallah, ila..." Ile "ila" ndiyo inayofunga mlango bila kuubamiza. Shangazi yangu anazo za kila rangi: ila anakoroma, ila ana pumu, ila ana ahadi na binamu yake.

Basi nikajiambia: huyu ni mamake yule wa mara nne, au mtu wake. Dada akiolewa, nani atanisahihishia insha za Kiingereza? Nani atanigawia bando? Nikatoa ila zote nilizokuwa nazo, na nyingine nikaziunda papo hapo.

"Nani huyo?" aliuliza Mama nilipokata simu.

"Wamekosea namba."

Siku ya nne dada alishuka mchana, saa za kazi, kompyuta ikiwa wazi mikononi. Ofisi ya Nairobi inayopitia makaratasi kabla hayajapelekwa mbele ilikuwa imemwandikia. Mtu wa nyumbani kwake, kwa namba aliyoitoa mwenyewe, amesema hana ajira, anazungumza peke yake, na anangoja kuolewa. Ana siku kumi za kujieleza. Asipojieleza, ombi linafungwa.

Hakunitazama mimi. Alimtazama Mama.

"Kama hukutaka niende, ungeniambia usoni."

Mama aliweka nazi chini. Kisha akanigeukia, akanitazama kwa muda wa kutosha kuchambua pishi nzima ya mchele, akarudi kwenye nazi yake. Hakujitetea hata kwa neno. Najua sasa kwamba alikuwa ananingoja niseme mwenyewe.

Nilimngojesha siku mbili. Dada alikula juu. Magodoro yaliendelea, lakini hakuna aliyechekeshwa. Mama hakunituma ngazini tena, na hilo liliniuma kuliko kofi. Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Dada alishuka kuchukua sahani yake, wali umeshapakuliwa, nami nikasema nikiutazama mkeka:

"Nilidhani ni posa."

Baba alicheka, akauona uso wa Mama, akaacha.

"Posa ya nani?" aliuliza dada.

"Ya Mreno."

Alinitupia ndimu. Ilinipata sikioni. "Umewaambia nina jini!"

"Nilisema kama mwenye jini."

Ya pili ilinipata pia.

Mama alinawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole, akasema nimpe simu na namba ile. Mwanamke wa Nairobi alipoitika, Mama hakumjibu swali hata moja mpaka alipomuuliza yake: ni binti wa nani, kwao wapi, yuko kazini hapo tangu lini, na Lamu anamjua nani. Maskini alijibu yote. Ndipo Mama akasema:

"Sasa nisikiza, Bi. Mimi kazi ya binti yangu siiamini. Mwaka mzima nimemtuma kiyana huyu akamchunguze dadake, kila siku, bila viatu. Sikumtuma kwa wema. Nilimtuma anishikie mtu. Mtu hakuniletea, kaniletea magodoro. Ungekuwako uongo yuu ya nyumba yangu, ningeupata mimi kabla yako."

Upande wa pili tukasikia kicheko. Aliuliza kama maneno hayo yanaweza kuandikwa na kutumwa.

"Ataandika huyu mwenye mdomo," alisema Mama.

Niliandika, Kiswahili na Kiingereza, mara tatu, na maungamo yangu mwenyewe yakiwa mwanzoni. Dada alisahihisha Kiingereza bila kunisemesha. Mama alitia sahihi mwisho, na kabla ya kuachia kalamu akamuuliza dada, kwa sauti ya kupita tu, "Na yule wa mara nne?"

"Ana miaka themanini, Mama. Husahau kwamba ameshapiga."

Mama alilipima jibu hilo. Sina hakika hadi leo kama alilikubali.

Viza ilitoka. Siku ya safari tulivuka wote hadi uwanja wa ndege wa Manda. Dada alinikumbatia, akaninong'oneza kwamba namba ya nyumbani ameibadilisha, sasa ni ya Baba. Ndege iliondoka, tukarudi Langoni, Mama akaingia jikoni moja kwa moja. Nilimkuta ameketi kwenye mbuzi, nazi nusu mkononi, haikuni. Alikuwa ametega sikio, uso juu, kwenye boriti. Alikaa hivyo kitambo, kisha akaniona mlangoni.

"Ndoo," alisema, akiniita kwa mkono. "Panda yuu, kaa pale pake, usome kwa sauti nisikie mtu. Simu iwate hapa, usipande nayo."