Nilimpa Shoga Yangu Neno Bovu Siku ya Roketi

Nilikosa, tena kwa makusudi. Msinitetee kwamba nilikuwa msichana mdogo sijui nitendalo. Nilijua!

Ulikuwa ule mwaka watu walipokwenda mwezini. Sisi tuliokimbia Unguja tulikuwa tumeanza kuizoea Maskati, lakini wenyeji walikuwa bado hawajatuzoea. Wakituita Wazinjibari, na Kiarabu cha wengi wetu kikiwachekesha.

Shoga yangu, nimwite Asya, alisoma Kiingereza skuli huko kwetu. Mimi nililelewa na bibi yangu aliyezaliwa Omani, kwa hiyo Kiarabu nilikuwa nacho, cha kusema na cha kusoma. Jirani yetu mwenyeji, Bi Moza, alikuwa na redio kubwa na ua mpana. Tukajitolea kuwakusanya wanawake wa mtaa wasikilize roketi ikiruka. Asya atasikiliza Kiingereza, ataniambia kwa Kiswahili, nami nitawaeleza wageni kwa Kiarabu.

Nilifurahi utadhani Idi! Wiki nzima najisemea peke yangu jikoni.

Kumbe Asya naye alikuwa akijifunza Kiarabu kwa watoto wa Bi Moza. Siku moja akaja na makopo matupu ya samli, akayapanga moja juu ya jingine, na juu kabisa akaweka finjani. "Humu ndimo walimo wale watu," akasema. Akaliondoa kopo la chini. "Hili likimaliza mafuta hutupwa." Kwa Kiarabu chake cha kubahatisha! Bi Moza alicheka mpaka akamkumbatia.

"Asya anatosha kusema," akaamua. "Wewe mwanangu utamimina kahawa."

Mimi, kahawa! Wallahi roho iliniuma. Nikimtazama Asya naona hata mwendo wake umebadilika, ingawa najua alikuwa yule yule.

Na si hayo tu. Bi Moza aliahidi kwamba mambo yakienda vizuri, atatoa chumba cha nje Asya awasomeshe watoto wa kike. Siku zile Maskati mjini skuli ya wasichana ilikuwa hakuna. Mdogo wangu Raya alikuwa wa kwanza kuomba nafasi. Nilijua hilo pia, jamani, na bado sikujizuia.

Siku ikafika. Ua umejaa, joto la Julai, redio inakwaruza, roketi karibu kuruka. Asya akaniinamia nilipokuwa na dele langu la kahawa.

"Shoga, hebu nambie upesi. Ajali kwa Kiarabu wasemaje? Hawa watu wamefundishwa namna ya kuikwepa ajali."

Neno nilikuwa nalo mdomoni: haadith, kwa kuivuta a, si hadithi hii yetu. Nikalimeza.

"Si hiyo hiyo ajali?" nikamjibu. "Neno lenyewe la Kiarabu. Kata hiyo i ya mwisho tu, useme ajal."

Msomaji, kwetu ajali ni gari kupinduka. Kwa Mwarabu, ajal ni saa ya mtu ya kufa, aliyoandikiwa na Mwenyezi Mungu, isiyosogea mbele wala nyuma!

Asya akasimama, uso umemng'aa, akawatangazia wanawake wazima wenye dini yao kwamba wale watu wamefundishwa kuikimbia ajal.

"Astaghfirullah!" Bibi mmoja akanyanyuka na shela lake. Wengine wakamfuata. Bi Moza akaizima redio.

"Kuikimbia ajal?" akasema. "Na wewe ndiye uwasomeshe wanangu?"

Asya akanigeukia. "Mwambie, shoga! Mwambie nnakusudia nini!"

Neno moja tu lingemwokoa. Nikainamisha kichwa, nikamimina kahawa katika finjani iliyokuwa imejaa tayari. Roketi iliruka bila sisi kuisikia.

Kesho yake Asya alikuja kwetu, macho yamevimba. Nikajua amekuja kunitukana. "Nisamehe, shoga," akasema. "Nimekutia aibu na weye. Neno hatukulijua sote wawili." Nikamwambia yamekwisha. Mimi ndiye niliyesamehe! Hebu fikirini!

Chumba hakikutolewa. Asya hakusema tena Kiarabu mbele za watu, na baadaye akaolewa, akahamia Dubai. Skuli za wasichana zilipofunguliwa, Raya alikuwa tayari mke wa mtu, ana mtoto mgongoni, akaona haya kukaa na vitoto.

Hadi leo Raya huniletea chupa zake za dawa. "Dada, nisomee." Nami humsomea. Juzi akasema, "Masikini Asya. Laiti angekijua Kiarabu vizuri, na mie ningesoma." Nikamwambia vidonge viwili baada ya kula.

Ndugu zangu, wivu haumuumizi unayemlenga peke yake. Mwenzio akikuuliza neno, mpe la kweli. Na kama roho imekataa kabisa, basi sema hujui!