Farasi Alipewa Sentensi Nzima

Kazi yangu hapa Guangzhou ni kukagua bidhaa za watu walio mbali. Mnunuzi aliye Mwanza au Uingereza hawezi kuja kuishika nguo kwa mkono wake kabla haijatengenezwa kwa wingi. Mimi huishika kwa niaba yake. Karakana hutoa sampuli moja. Nikiiridhia, natia saini kwenye lebo iliyoshonewa pembeni, na tangu hapo mashine hairuhusiwi kutoa kitu kisichofanana nayo. Nisipotia saini, mashine haiwashwi. Ni utaratibu wa kawaida, nami niliufuata kwa miaka bila kuwaza kwamba siku moja ungekuwa silaha pekee niliyonayo.

Aliyeniletea kazi ninayoisimulia ni wakala wa mizigo kutoka Unguja, mwenye ofisi mtaa wa Xiaobei juu ya duka la mawigi. Huniita Mwalimu, kwa kuwa nilifundisha historia nyumbani kabla ya kuja huku. Kupitia shemeji yake anayeishi Uingereza, alikuwa amepata agizo la kamati ya kijiji kimoja cha mashambani. Kijiji hicho kilikuwa na kambi ya jeshi. Kambi imefungwa, inabomolewa ili zijengwe nyumba za kuuza, na wanakijiji walitaka kuiaga kwa sherehe. Katika sherehe hiyo wangeuza vitambaa vya kukaushia vyombo, vilivyochapwa historia ya kambi.

Msomaji asicheke. Waingereza hupenda kuandika kumbukumbu zao kwenye vitambaa vya jikoni, na sisi watu wa kanga hatuna haki ya kuwashangaa. Kitambaa kile kilikuwa na pindo la majani ya mwaloni, na katikati, mahali ambapo kwenye kanga huwa mji, palikuwa na mchoro wa lango na maandishi yaliyobanana chini yake.

Niliisoma sampuli nikiwa nimesimama katikati ya karakana ya kuchapa huko Xintang, mvuke wa viwanda vya jinzi ukiingia dirishani. Jina la kambi nililijua kabla sijajua kulisoma. Baba yangu alilitamka kila alipotukuta hatujatandika vitanda. Miaka ya mwanzo ya uhuru alipelekwa huko pamoja na vijana wenzake wa Tanganyika kujifunza uaskari, akarudi na mambo mawili: namna ya kukunja blanketi mpaka lisimame kama tofali, na kisa cha jiko.

Jiko lilikuwa la chuma, katikati ya kibanda cha mbao, vitanda vimepangwa pande zote mbili. Kila Alhamisi lilipakwa dawa nyeusi na kusuguliwa mpaka mtu aone uso wake, kwa sababu Ijumaa afisa alipita kukagua. Likishasuguliwa, koplo alipiga marufuku kuliwasha lisije likafifia. Makaa yalikuwapo, kiberiti kilikuwapo, theluji ilikuwa nje ya mlango. Nao walilala na makoti yao wakilitazama linang'aa. Nyumbani kwetu, kitu chochote kilichowekwa kwa kutazamwa tu, kama vile vikombe vya kabatini ambavyo hakuna aliyeruhusiwa kuvinywea, Baba alikiita jiko la Waingereza.

Basi nikasoma. Kitambaa kilieleza jinsi kambi ilivyojengwa kwa matofali mekundu juu ya malisho ya kondoo. Kilitaja askari walioondoka hapo kwenda kupigana ng'ambo, bila kusema ng'ambo hiyo ilikuwa kwa nani. Kilimtaja farasi wa kamanda, aliyerudi kutoka vitani akazikwa kando ya lango chini ya jiwe lenye jina lake. Kikafuata vibanda vya mbao, mateka wa Kiitaliano waliopamba ukuta wa kanisa, na vijana wa kijijini walioitwa jeshini kwa sheria. Mwisho kilisema kwamba katika miaka yake yote kambi ile haikumlaza mgeni chini ya mapaa yake, isipokuwa mateka wale.

Niliikunja sampuli nikaiweka mezani.

Mwenye karakana, mama mmoja mfupi ambaye wote tunamwita laoban, yaani bosi, alikuwa ameshika kalamu akinisubiri.

"Rangi mbaya?" aliuliza.

"Rangi nzuri."

"Pindo limepinda?"

"Limenyooka."

"Basi saini!"

"Sitii saini. Maneno si ya kweli."

Alimgeukia wakala kama mtu anayetaka kujua ni nani amemleta kichaa kazini kwake. Wakala alinivuta kando, kwenye marobota.

"Mwalimu wangu, hebu nisikilize. Hicho ni kitambaa cha kufutia sahani."

"Nakijua."

"Mtu atakishikia sufuria ya moto, basi. Nani atakaa akisome?"

"Kwenu Unguja kanga huvaliwa hata jikoni. Hakuna anayeisoma?"

Alijizuia kucheka, akashindwa. "Wanaisoma, wallahi. Mama yangu na mke mwenziwe walipigana vita nzima kwa kanga, hawakusemezana hata siku moja."

"Basi usiniambie nguo haisemi. Hii inasema baba yangu hakuwapo."

Hapo akarudi kwenye hoja yake iliyomuuma. Nafasi ya mzigo ilikwisha shikwa kwenye meli itakayopakia bandari ya Huangpu. Meli ikiondoka bila vitambaa, sherehe itapita, na mteja hatarudi. "Wewe umeajiriwa kuangalia uzi," alisema, "hukuajiriwa kuangalia historia."

Nimeisikia hoja hiyo kwa sura nyingi maishani mwangu. Karani huambiwa apige muhuri tu, mwalimu huambiwa afuate kitabu tu, na kwa njia hiyo uongo hupita mikononi mwa watu waadilifu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiapa kwamba haukuwa kazi yake. Nilimwambia anipigie simu Uingereza.

Tulipiga kutoka ofisini kwake Xiaobei, alasiri, ambayo kwao ni asubuhi. Kwenye kioo cha simu alitokea mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye vifaa vya kusikia katika masikio yote mawili, ameketi jikoni na kikombe cha chai. Alikuwa na adabu. Alinieleza kwamba amezisoma karatasi zote za kambi na hakuna palipotajwa Waafrika.

"Karatasi hizo ziliandikwa na watu waliokumbuka jina la farasi," nilisema. "Sishangai kama walisahau majina mengine."

Wakala alijishika kichwa. Mimi nikaendelea, nikamsimulia mzee habari za jiko.

Alikiweka kikombe chini. "Lilisuguliwa siku gani?" aliuliza.

"Alhamisi. Kwa ajili ya Ijumaa."

Mzee alicheka kicheko kikavu. "Nililala sakafuni kando ya kitanda changu mwenyewe, ili nisivuruge blanketi nililolikunja. Ndiyo, bibi, mimi nilipita pale kabla yao. Na hilo la jiko hakuna aliyewahi kuliandika popote."

Nilidhani tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza, kwa maana kukubali ukweli na kuupa nafasi ni mambo mawili.

"Sentensi ile ya mwisho tutaifuta," alisema. "Ila nafasi ya kuongeza jambo jipya hakuna. Kitambaa kimejaa."

"Mwondoeni farasi."

"Bibi! Kijiji kizima kinampenda yule farasi."

"Sina ugomvi naye. Nauliza tu ni kwa nini yeye ana sentensi nzima."

Alifikiri. "Labda kwa herufi ndogo, pale kwenye majani ya pindo."

"Baba yangu hakulala pembezoni. Alilala katikati, kando ya jiko. Herufi zilezile, mahali palepale, au mtafute mkaguzi mwingine."

Simu ilipokatika, wakala alinitazama kwa huzuni ya kweli. "Umeniulia mteja, Mwalimu."

"Huenda."

Kwa siku zilizofuata sikuitwa kazini. Huko Xintang, laoban aliiondoa michoro ya kambi mezani akaweka kazi ya mtu mwingine. Watu wa Xiaobei walinisalimu kwa tahadhari, kama ninayeugua. Ndugu mmoja muuza simu alinikuta kwenye mgahawa akanishauri nijifunze kumeza. Nilimjibu kwamba nilikuwa nikimeza wali wangu, na kwamba huo ulinitosha.

Kisha wakala akaja mwenyewe nyumbani kwangu, simu mkononi, anahema kwa ngazi. Mchoro mpya ulikuwa umefika. Farasi alikuwapo na sentensi yake nzima. Na mahali pa ule uongo palisomeka: *Vijana wa Tanganyika walifunzwa hapa, wakalala kando ya jiko ambalo hawakuruhusiwa kuliwasha.* Herufi zilikuwa zilezile. Niliutafuta mstari uliotolewa kupisha huu. Chini kabisa, palipokuwa na majina ya wanakamati, la mwenyekiti likitangulia, palikuwa patupu.

"Mzee kajitoa mwenyewe!" wakala alisema. "Na wenzake wote!"

"Amefanya lililompasa."

"Hata asante humtumii?"

"Asante hutolewa kwa zawadi. Hii haikuwa zawadi."

Alitikisa kichwa. "Basi moyo wako, Mwalimu, ndio lile jiko."

Nilicheka, kwa sababu kilikuwa kichambo kizuri. Kesho yake laoban aliniletea sampuli mpya bila kuniuliza kitu, nikaisoma neno kwa neno huku amesimama, na nikatia saini. Vitambaa viliiwahi meli.

Kimoja nilikibakiza kwangu. Wageni wakiambiwa habari zake hushangaa kwa nini sikukitia kwenye fremu nikakitundika sebuleni. Baba asingeniruhusu. Kipo kwenye msumari kando ya sinki, nakaushia sahani kila siku, na kikichafuka nakifua. Maandishi hayajatoka.