Waipa Zenye Jicho na Asali ya Kibondo

Siku niliyoripoti kazini Kibondo, mwaka 2012, Mkuu wa Karakana alikuwa chini ya lori, inaonekana miguu tu. Nikajitambulisha kwa miguu hiyo. Nikaiambia kwamba nimehamishwa kutoka Kigoma mjini, kituo kilikuwa kimeomba fundi umeme wa magari. Miguu ilitulia kidogo, kisha ikauliza, "Sawa, karibu. Na huyo fundi amebaki wapi?"

"Fundi ndiye mimi."

Akatoka taratibu, mzee wa Kiha mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, akanitazama kuanzia kitambaa cha kichwani hadi viatu. Nilikuwa na miaka hamsini na saba wakati huo. Nilikuwa nimefunga nyaya za magari miaka thelathini, na bado mtu alikuwa anamtafuta fundi nyuma yangu. Sikukasirika. Nilijua baada ya wiki mbili angenyamaza. Alinyamaza baada ya siku nne.

Nawaandikia ninyi vijana mnaosomea ufundi, mnaopimia gari kwa kompyuta kabla hamjalisalimia. Siwacheki. Lakini mzee yule alinipa sheria moja ambayo kompyuta yenu haina, na nitawaeleza ilivyonigharimu siku niliyoiruka.

"Kabla hujafungua boneti," aliniambia siku ileile, "futa kioo, kaa kiti cha dereva. Uone anachokiona yeye. Ukimaliza kazi, rudi ukae tena. Usitoe gari ambalo hujalikalia."

Niliona ni mazoea ya uzee. Hata hivyo niliyafuata, kwa sababu yeye alikuwa mkuu na mimi mgeni.

Kituo chetu kilihudumia magari ya afya: ya wagonjwa, ya chanjo, ya wauguzi waendao vijijini. Adui yetu alikuwa kioo cha mbele. Kiangazi, vumbi jekundu la barabara ya Kibondo na Kasulu hukaa juu ya kioo kama unga. Masika, lori moja likipishana nawe hukumwagia tope la kujengea nyumba. Dereva naye, akiona vumbi, huwasha waipa kavukavu. Mpira wa waipa hauondoi vumbi kavu. Unaliburuza, na chembe za mchanga zinachubua kioo. Baada ya msimu mmoja kinabaki na alama ya nusu duara, na jua la jioni likikupiga usoni huoni ng'ombe wala mtoto.

Vita hiyo niliichukua kama yangu. Nilibadilisha mipira, nilizibua vitundu vya kurushia maji, nilifungua mota za waipa na kuzisafisha na petroli. Zaidi ya yote niligomba. Dereva akiwasha waipa kavu mbele yangu, alikuwa anasikia sauti yangu mpaka sokoni. Ndipo wakaniita Mama Waipa. Walidhani wananikomoa, kumbe walikuwa wamenipa cheo.

Mwaka 2014 nilihamishiwa Kasulu. Bosi wangu huko alikuwa Afisa Usafirishaji, kijana nadhifu, shati jeupe kila siku katika mji ule mwekundu. Nilimheshimu kwa hilo shati. Mwaka huohuo tukapokea magari mawili mapya ya wagonjwa, na kwenye kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo kidogo cha kuangalizia nyuma, kulikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukishika: jicho la mvua. Kwa jina la ufundi ni sensa.

Madereva waliposikia sensa walicheka, maana sensa waliyoijua ni ile ya kuhesabu watu, na ilikuwa imepita juzijuzi tu. Bukuru, dereva wa gari la kwanza, mtu mpole asiyependa haraka, alisema, "Basi hii inahesabu matone." Hakukosea sana. Jicho hilo hurusha mwanga usioonekana ndani ya kioo, na kioo kikiwa kikavu mwanga wote hurudi. Tone likitua, sehemu ya mwanga hutorokea nje kupitia kwenye maji. Jicho likiona mwanga umepungua, huwasha waipa lenyewe, na mvua ikizidi huziongeza kasi. Kwa kuwa kioo kikavu hakiliamshi, nilijua vita yangu imekwisha.

Nilifurahi kama bibi harusi. Na Afisa alipotoa amri kwamba mkono wa waipa, ule wa kando ya usukani, ufungwe kwenye alama ya kujiendesha ili dereva asiuguse tena, nilikuwa wa kwanza kushika utepe mweusi. Niliuzungusha mara nne. Nikawaambia madereva, "Mvua ikija, wewe ngoja. Itafuta yenyewe."

Mwanzoni mwa masika jiwe lilipasua kioo cha gari la Bukuru. Tulipata kioo kingine, lakini wakati wa kulibandua jicho, ule utando laini unaoligandisha kwenye kioo ulichanika. Utando ule ni kama ute mgumu, kazi yake ni kuzuia hewa isikae katikati, kwa sababu hewa huukatisha mwanga. Mwingine ungetoka Dar es Salaam, baada ya wiki kadhaa.

"Mama Fundi, gari litoke leo," Afisa alisema. "Wagonjwa hawasubiri mzigo wa basi."

Alikuwa na haki. Nikachukua silikoni, ile gundi nyeupe ya kuzibia vioo, nikalibandika jicho. Nikasimama nje, nikamwaga kopo la maji, waipa zikafuta. Nikatia saini. Sikurudi kukaa kiti cha dereva.

Siku ya tisa mvua kubwa iliwakuta Bukuru na wenzake njiani kutoka Titye, saa tisa alasiri, wakimleta mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu, wakielekea hospitali ya Kabanga. Gari likaingia mtaroni. Wanakijiji waliacha majembe wakalinyanyua kwa mikono, mama akafika, akajifungua salama. Kuhusu hilo nilimshukuru Mungu na bado namshukuru. Lakini kulikuwa na bampa lililopinda na ripoti ya kuandikwa, na Afisa alikwisha kuiandika kichwani. Dereva alisinzia.

"Anasema waipa hazikuwaka," aliniambia, akitabasamu. "Mama Fundi, gari lile lina akili kuliko dereva wake. Linajifuta lenyewe!" Kikao cha nidhamu kikapangwa keshokutwa yake. Bukuru angefukuzwa kazi, na dereva aliyefukuzwa kwa kusinzia na mgonjwa ndani hapewi usukani tena mahali popote.

Bukuru alikuja karakana, hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu angekuwa nayo.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Ilikuwaje?"

"Mama, mimi sikulala. Imana, Mungu wetu, inaniona. Lori ya mbao imenirushia tope, kioo imekuwa ukuta. Nimengoja. Si uliniambia ningoje? Nimengoja, haifuti. Nikaanza kubandua ule utepe wako na kidole. Ndiyo tukaenda mtaroni."

Alipoondoka nilifanya nilichopaswa kufanya siku tisa nyuma. Nilifuta kioo, nikakaa kiti chake. Utepe wangu ulikuwa umebanduliwa nusu, una alama za kucha. Nikatoka nje, nikalitazama jicho kupitia kwenye kioo. Jicho lililogandishwa vizuri huonekana jeusi tititi. Hili lilikuwa na madoa yaking'aa kama dagaa wabichi. Silikoni ilikuwa imekauka, ikasinyaa, barabara ikaitikisa, hewa ikaingia. Niliyelipofusha jicho ni mimi, na niliyemfunga dereva mikono ni mimi.

Sitawadanganya. Nilifikiria kunyamaza. Nilikuwa nimebakiza miezi mitano nistaafu, na faili langu la miaka thelathini na mitatu halikuwa na barua hata moja ya onyo. Nililitaka lile faili safi kama mwanamke mwingine anavyotaka dhahabu. Nikajiambia Bukuru ni mwanamume, ataangalia shamba, ana ndizi na maharage kule Heru Juu. Kisha nikakumbuka ile shikamoo yake na nikajionea aibu.

Kukiri peke yake hakungetosha. Afisa angesema bibi anamkingia dereva kifua. Nilihitaji kumwonyesha jicho hilohilo likiwa kipofu, kisha likiwa linaona, na utando uko Dar es Salaam. Nilijaribu mafuta ya kupikia badala ya utando, juu ya kipande cha kioo kilichovunjika. Yakateleza yote.

Asubuhi iliyofuata nilipita dukani kwa Mzee Salumu pale sokoni, mfanyabiashara ambaye babu yake alitokea Bagamoyo na ambaye hasahau kukukumbusha. Alikuwa amepanga chupa za asali ya Kibondo juu ya meza ya kioo, na chini ya kioo ametandika gazeti. Tone moja lilikuwa limepenya kati ya kioo na gazeti, na pale lilipokaa herufi zilionekana waziwazi, wino wote, bila mng'ao. Pembeni yake kioo kilikuwa kinameremeta tu. Asali ilikuwa imeifukuza hewa. Niliinama mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Mama Waipa," alisema, "asali inaonjwa kwa ulimi, si kwa jicho."

"Nipe chupa. Iliyo nyepesi, isiyo na povu."

"Una kikohozi?"

"Gari ndilo linaumwa."

Alinitazama kwa huruma, akanifungia chupa kwa gazeti taratibu sana, kama mtu anayemhudumia mgonjwa wa akili.

Siku ya kikao niliomba wote watoke nje kwenye gari: Afisa, mama wa utumishi mwenye daftari, na Bukuru aliyevaa koti la kanisani. Nikamkalisha Afisa kiti cha dereva. Mikono yake niliiweka kwenye usukani mimi mwenyewe, nikamwambia, "Usiguse kitu. Wewe ngoja."

Niliwasha umeme wa gari, nikakoroga udongo na maji kwenye ndoo, nikammwagia kioo kizima. Kimya. Waipa zimelala. Nilimsikia ndani akisema, "Mbona sioni?" Nikammwagia ndoo ya pili. "Mama Fundi, sioni kitu!"

"Bukuru naye hakuona," nikamwambia, "na yeye alikuwa anaendesha, na nyuma kuna mama analia."

Nikalifungua jicho, nikakwangua silikoni yote kwa wembe. Nikapaka asali tabaka jembamba, nikalibana jicho kwenye kioo polepole kutoka upande mmoja ili hewa itoke. Nikaenda nje kutazama: jeusi tititi. Nikawasha tena. Safari hii nilichovya vidole tu kwenye maji safi, nikakirushia kioo matone.

Waipa ziliruka kama zimeitwa jina. Zikafuta mara moja, zikalala. Nikamwaga kopo, zikaenda mbio, kioo kikafunguka, na uso wa Afisa ukaonekana nyuma yake, mdomo wazi. Miaka yangu yote ya ufundi sikuwahi kuona kitu kizuri kama zile waipa mbili, na nilikuwa na hamu ya kupiga vigelegele.

Afisa akatoka. "Kwa hiyo lilikuwa limebandikwa vibaya."

"Ndiyo."

"Nani alilibandika?"

Mama wa utumishi aliinua kalamu. Bukuru alitikisa kichwa kidogo, kuniambia nisiseme. Nakumbuka sana kile kichwa.

"Mimi. Na utepe niliufunga mimi. Saini yangu ipo kwenye fomu."

Afisa naye alifanya jambo lililonifanya nimheshimu kwa zaidi ya shati: alisema amri ya utepe na ya haraka zilikuwa zake, na akaagiza ziandikwe. Bukuru alirudishiwa ufunguo palepale. Mimi nilipewa barua ya onyo, ya kwanza na ya mwisho, na utepe ukaondolewa kwenye magari yote mawili.

Asali ilikaa kwenye kioo kile wiki tatu. Sisimizi waliigundua siku ya pili. Bukuru aliwafuta kila asubuhi akilalamika kwamba sasa gari linahesabu na wadudu. Utando halali ulipofika, nililibandika jicho upya, nikakaa kiti cha dereva, nikakaa tena.

Nilistaafu mwaka 2015. Nina vyeti vitano ukutani, na katikati yake nimetundika ile barua ya onyo ndani ya fremu. Binti yangu anaona aibu wageni wakiisoma. Mimi ndiyo ninayowaonyesha kwanza, kwa sababu vyeti vile nilipewa kwa kazi ambazo fundi mwingine angeziweza pia.

Siku ya kuniaga, madereva walipanga magari yao mstari mmoja uwanjani, kiangazi, vumbi limejaa vioo. Nilipotoka na zawadi yangu ya vitenge, wote kwa pamoja wakawasha waipa, kavukavu, kunipigia saluti. Nilisahau hotuba yangu. Nilipiga kelele, "Zimeni! Mnachubua vioo, mashetani ninyi!" nao wakacheka mpaka wakaegemea usukani. Hicho ndicho walichokuwa wanakitaka.

Gari moja tu lilikuwa limetulia. Bukuru alishuka, akachukua glasi ya maji kwenye meza ya wageni, akaniletea kwa mikono miwili. Nikachovya vidole, nikakirushia kioo matone machache. Waipa zikanyanyuka zenyewe, zikafuta mara moja, zikalala.

"Imekuhesabu, Mama," akasema.